Karisimbi Mwezi wa Nne: Kuufuata Weupe Unaoonekana kutoka Goma

Ijumaa, Goma

Mvua imepiga mabati usiku kucha, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mawingu yakapasuka upande wa kaskazini-mashariki. Karisimbi ikatokea ikiwa nyeupe kuanzia shingoni kwenda juu. Hapa Katindo majirani walitoka na simu zao, na ubishi ukaanza: huyu anasema theluji, yule anasema mvua ya mawe, baba mmoja wa duka la makaa anashikilia kwamba ni ukungu tu umelala. Kufikia saa tatu na nusu weupe umekwisha, mlima umerudia rangi yake, na kila mtu amekwenda kutafuta riziki bila kumshawishi mwenzake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Theluji nimeichora ubaoni kwa chaki, nimeieleza, nimeitungia maswali ya mtihani, na sijawahi kuigusa. Mdogo wangu ni kinyume changu: anaishi Grenoble, mji wa Ufaransa uliozungukwa na milima ya Alpi, na theluji imeshamchosha. Amekuja kwa likizo ya Pasaka. Nilipomwambia kwamba hata kwetu huanguka, alicheka, akaniita yaya kama kawaida yake, yaani dada mkubwa. "Yaya, kilomita mia mbili kutoka kwenye mstari wa ikweta? Twende nikaone kama mnaongopa."

Upande wetu wa Kongo, katika hifadhi ya Virunga, njia za kupanda haziko wazi kwa wageni wakati huu, kwa hiyo tunapitia Rwanda. Mpaka wa nchi hizi mbili unapita juu ya mlima huo huo, kwa hiyo ukipandia kule au huku baridi utaikuta ile ile. Vibali vimeshalipwa, na tumeshasikia maneno ya nyumbani kuhusu watu wanaotoa dola zao kwenda kutafuta baridi.

Mchana tulishuka Birere kutafuta nguo. Mtu asidanganyike kwamba Goma hakuna vifaa vya theluji. Caguwa, yaani mitumba, za Birere zimejaa majaketi mazito ambayo Ulaya imeyachoka, na kwa kuwa huku wateja wake ni wachache, bei inashuka hadi unaona haya kuishusha zaidi. Nimepata moja la bluu, na kwenye zipu yake kuna kikaratasi cha tiketi ya lifti ya kituo cha kuteleza kwenye theluji, tarehe imefutika. Mdogo wangu alikitambua mara moja. Mama muuzaji naye alikuwa amekiacha kwa makusudi: "Hiyo ndiyo inaonyesha ni ya baridi ya kweli." Tukachukua na glavu, soksi za sufu, na mabuti ya mpira. Kipimajoto nimekiazima kwenye maabara ya shule, na nimeahidi kukirudisha kizima.

Kabla ya kulala nilimfanyia mdogo wangu hesabu ninayowafanyia wanafunzi. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Karisimbi kiko mita 4,507. Tofauti yake ni mita 3,000 na kidogo, sawa na nyuzi 20. Wastani wa joto la Goma kwa mchana na usiku ni hizo hizo 19 au 20. Ondoa, unabaki na sifuri. Maana yake Karisimbi haiko juu ya mstari wa kuganda wala haiko mbali chini yake. Mstari wenyewe unacheza karibu na kilele, mara nyingi juu yake kidogo, na kinachoamua kama mlima utaamka mweupe au mweusi ni nyuzi mbili tatu tu. Rwenzori, yenye mita 5,109, imeuvuka mstari huo, ndiyo maana ina barafu ya kudumu, ingawa hata hiyo imeliwa: tangu Duke wa Abruzzi, wa Italia, apande mwaka 1906, sehemu kubwa imetoweka, na iliyobaki haifiki kilomita moja ya mraba.

Jumamosi, Goma hadi Musanze

Bariere ndogo, kivuko cha mpaka wa Rwanda, saa moja asubuhi. Wamama wanarudi na mabeseni ya karoti na kabichi, vijana wanasukuma mizigo, na sisi wawili tumevaa majaketi ya baridi kwenye jua la Goma kwa sababu hayakuingia kwenye mabegi. Askari wa uhamiaji aliniangalia kuanzia juu hadi chini akauliza kama kuna mgonjwa. Tukapita.

Basi la Rubavu kwenda Musanze linapanda hadi Mukamira kisha linateremka. Ni kilomita sitini na kitu, na ndani yake tulipata jua kali, ukungu mzito uliomfanya dereva awashe taa, mvua ya kishindo, na jua tena. Mdogo wangu alikuwa na simu mkononi, programu ya hali ya hewa imefunguliwa: wingu na matone, leo, kesho, keshokutwa, na wiki nzima. Programu hizo hugawa nchi kwa vipande vya kilomita nyingi, na kipande kimoja kinaweza kumeza shamba la viazi, msitu na kilele kwa pamoja, kisha kikavipa vyote utabiri mmoja. Kwa mtu anayekwenda milimani mwezi wa nne, hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba Afrika kuna joto.

Njiani alinisimulia mwezi wa nne wa kule. Grenoble mjini watu wameshavaa fulana, miti imechanua, na wamekaa nje kwenye vibaraza vya mikahawa. Asubuhi wanainua macho na kukuta milima juu yao imenyeshewa theluji mpya usiku. Wafaransa wana msemo kwamba mwezi wa nne usivue hata uzi mmoja. Na wakulima wao wana watakatifu wanaowaita watakatifu wa barafu: Mamert, Pancrace na Servais, tarehe 11, 12 na 13 za mwezi wa tano. Kabla hao hawajapita, mtu mwenye akili hapandi nyanya nje. Mwaka 2021 baridi ilirudi mwanzoni mwa mwezi wa nne wakati mizabibu imeshachipua. Wenye mashamba waliwasha mioto midogo kati ya mistari usiku kucha kuipasha hewa joto, na wengi walipoteza mavuno hata hivyo.

Nilimuuliza inakuwaje, akaniambia mimi ndiye mwalimu. Basi nikajibu. Kule, mwezi wa nne jua limeshapata nguvu na ardhi imeanza kupata joto, lakini hewa iliyokaa karibu na ncha ya kaskazini bado ni ya majira ya baridi. Ikiteremka siku mbili tu, milima inarudi nyuma miezi miwili. Kwetu hakuna hewa ya ncha. Sisi jua linapita juu ya vichwa vyetu katikati ya mwezi wa tatu likielekea kaskazini, na ule mkanda wa mvua unalifuata kwa nyuma: ndiyo masika. Kwa hiyo safari ile ile ya jua inayowaletea wao maua ndiyo inayotuletea sisi ngurumo. Mama aliyekaa mbele yetu na mtoto mgongoni aligeuka. "Na viazi vyangu vinaozea shambani kwa sababu hiyo hiyo?" Ndiyo, mama, hiyo hiyo.

Musanze tulifika mvua ikinyesha. Tulikula viazi vya Kinigi na maharage, tukalala mapema.

Jumapili, Kinigi hadi kambi ya mita 3,700

Saa moja asubuhi kwenye makao ya hifadhi ya taifa, Kinigi. Anga safi kabisa. Bisoke, Sabyinyo, Karisimbi, vyote viko wazi utadhani vimeoshwa. Mdogo wangu akasema tumebahatika. Kiongozi wetu, mtu mzima mwenye Kiswahili kizuri alichojifunzia Goma zamani, hakusema kitu. Alitazama tu saa yake na kuwahimiza wapagazi wafunge mizigo.

Gari lilituacha karibu na njia ya Bisoke. Kutoka hapo unapita mashamba ya pareto na viazi hadi kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati wasishuke mashambani. Ukiuruka huo ukuta umeingia msituni, na matope yanaanza. Sitayaeleza sana matope. Yapo, yanafika magotini, na atakayekwambia kwamba kuna mbinu ya kuyapita akiwa msafi hajawahi kupita. Mianzi, upupu unaochoma hata kupitia suruali, askari wawili mbele na wawili nyuma kwa ajili ya nyati. Baada ya saa mbili hivi ukafika msitu wa mihagenia, miti mikubwa yenye ndevu za kuvumwani zinazoning'inia, ambako mtu anatamani kukaa. Hapo ni karibu na tambarare kati ya Karisimbi na Bisoke, alikojenga Dian Fossey kambi yake ya Karisoke mwaka 1967. Njia ya kwenda huko inaachana na yetu. Sisi tunakata kushoto na mlima unasimama wima.

Nilimuuliza kiongozi kama mwezi wa nne ni mbaya kwa kupanda. "Mama, mwezi hausemi mengi. Hata mwezi wa saba nimenyeshewa mvua ya mawe hapa. Niulize saa." Nikamuuliza saa. Alieleza kwa utaratibu, akionyesha kwa fimbo. Asubuhi hewa iliyoko mabondeni imetulia. Kadiri jua linavyopasha mashamba joto, hewa inaanza kupanda na miteremko, inabeba unyevu wa ziwa na wa msitu, na ikifika saa tano unaona vitambaa vya ukungu vinapita kwenye mianzi. Saa saba mlima umevaa. Kuanzia hapo ni wa mlima, si wako. Mdogo wangu alisimama kusikiliza, kwa sababu kule Alpi kanuni yao ya mwezi wa nne ni hiyo hiyo ingawa sababu ni nyingine: theluji inaganda usiku na kushikamana, mchana inalegea, na inapolegea ndipo inapoporomoka. Wanaotoka alfajiri wanarudi kabla ya adhuhuri. Hao wawili walielewana haraka, mimi nikatumia nafasi hiyo kupumua.

Saa sita na robo tone la kwanza. Saa saba kasorobo mvua kamili.

Hapa lazima niseme kuhusu wapagazi. Walikuwa watu sita, kuanzia kijana ambaye hata ndevu hazijaota hadi mzee ambaye ningemwamkia shikamoo popote pale. Wametoka kwenye mashamba tuliyoyapita asubuhi. Walivaa mabuti ya mpira na, mvua ilipoanza, wakajifunika makoti ya plastiki, yale mepesi yanayopasuka ukiinua mkono. Chini ya plastiki kuna suruali na shati. Juu ya yote hayo kuna begi langu. Mimi nilikuwa na jaketi la kuteleza kwenye theluji lililobeba tiketi yake.

Kambi iko mita 3,700, kwenye kiwanja kidogo cha matope chenye turubai la kupikia. Hapa miti imekwisha, yamebaki masenesio na malobelia, mimea ambayo wanafunzi wangu wakiiona kwenye picha hudhani nimewachezea. Senesio halitupi majani yake yaliyokufa. Yanabaki yamelizunguka shina, makavu, tabaka juu ya tabaka, ili maji yaliyo ndani ya shina yasigande usiku. Lobelia nayo hufunga majani yake jua likizama na kuyafungua asubuhi. Kila kitu kinachoishi hapa kimejifunza kwamba kiangazi ni mchana na majira ya baridi ni usiku, kila siku ya mwaka.

Kipimajoto: nyuzi 6 saa kumi na mbili jioni. Chai ya maziwa yenye tangawizi, viazi, kisha kila mtu kwenye hema lake.

Usiku

Sijalala, kwa hiyo naandika kwa tochi. Radi zimeanza saa mbili. Kusini, upande wa ziwa, anga inawaka bila kukoma, na zingine ziko hapa juu yetu. Watu wa Kivu tunadhani radi ni nyingi hivi duniani kote, lakini sivyo. Orodha iliyotolewa mwaka 2016 kutokana na vipimo vya setilaiti ya NASA iliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela nafasi ya kwanza kwa radi nyingi duniani, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Kabare, hapo hapo nje ya Bukavu. Tunaishi katikati ya kiwanda chake.

Saa nne ikaja mvua ya mawe. Nilidhani hema linachanika. Dakika ishirini za kelele ambazo hatukuweza kusikilizana tukiwa tumelala bega kwa bega. Kisha ikapungua, ikawa mvua ya kawaida. Kipimajoto saa tisa usiku: nyuzi 2.

Kuna jambo nililolisoma kabla ya safari, na sikumsimulia mtu yeyote mchana. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mjerumani, ulipita milima hii, ukiwa na mtaalamu wa miamba aliyeitwa Egon Kirschstein. Mwanzoni mwa mwaka 1908 Kirschstein aliwapeleka wapagazi wake juu ya Karisimbi, wakakutwa na dhoruba ya mvua ya mawe na theluji kwenye uwanda wa juu wa mlima huu. Wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto, wamevaa nguo za nchi za joto. Wengi walijilaza kwenye maji na hawakutaka kuinuka tena. Waliokufa kwa baridi siku hiyo walikuwa watu ishirini hivi. Jina la Kirschstein utalikuta, jina la duke utalikuta. Ya wale ishirini mimi sijayakuta popote.

Nimemsimulia mdogo wangu sasa hivi, kwa sauti ya chini, kwa sababu hema la wapagazi liko hatua tano kutoka hapa. Akasema kwamba kule kwao watu wa uokoaji huogopa zaidi theluji ya mwezi wa nne na wa tano kuliko ya mwezi wa kwanza. Ya mwezi wa kwanza ni kavu, unaikung'uta. Hii ya karibu na sifuri ni maji nusu. Inaingia kwenye nguo, upepo unafanya kazi yake, na mtu anaweza kufa pale ambapo kipimajoto hakijaonyesha hata nyuzi moja chini ya sifuri.

Jumatatu, kileleni na kurudi

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na tochi vichwani. Wapagazi wawili walikuja nasi, wengine walibaki kuvunja kambi. Kuzunguka mahema ardhi ilikuwa na madoadoa meupe: mawe ya usiku, yamekusanyika kwenye mashimo na katikati ya majani ya malobelia. Mdogo wangu alipiga moja kwa buti. "Hii siyo, yaya. Ni mvua ya mawe." Alisema kwa furaha kupita kiasi.

Tulipopita mita 4,000 hivi, mimea ikawa mifupi kisha ikabaki nyasi na kuvumwani na kokoto nyeusi za volkano zinazoteleza chini ya mguu. Mawe ya barafu yakawa mengi zaidi, kisha yakabadilika. Hayakuwa magumu tena. Zilikuwa chembe nyeupe laini za mviringo, ukizibana kwa vidole zinasagika kama ugali mkavu. Mdogo wangu akainama, akachukua, akanyamaza kidogo. Hizo anazijua. Ni fuwele za theluji ambazo, zikiwa bado ndani ya wingu, zimegongana na matone baridi sana yakaganda juu yake hadi umbo likapotea. Kule Alpi huanguka sana majira ya kuchipua, siku za ngurumo.

Na karibu na mita 4,300, theluji.

Ilikuwa imelala nyembamba, sentimita tatu nne, ikiongezeka kadiri tunavyopanda. Nilivua glavu nikaigusa, kwa sababu sikupanda huku kote kuigusa kwa ngozi ya kondoo wa mtu. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani na ina sauti, inalia chini ya buti. Kisha saa moja kasoro, tukiwa tumebakiza mteremko wa mwisho, ikaanza kuanguka yenyewe. Mapande makubwa, yamelowa, yameshikana matatu manne pamoja, yanashuka bila haraka. Yaliyotua kwenye mkono wa jaketi yalikaa kitambo nikayaona yale matawi yake, kisha yakawa maji. Mdogo wangu alikuwa ananipiga picha na kucheka peke yake. Nikamkumbusha neno alilolisema kuhusu waongo.

Kileleni kuna mnara wa mawasiliano. Nyaya zake zilikuwa zimeota sakitu nene upande mmoja tu, ule unaoelekea upepo, kama vidole vinavyonyooshwa kuelekea kule dhoruba ilikotoka. Kipimajoto: sifuri kasoro nusu. Hesabu ya ubaoni imekubali. Na bado kuna kitu hesabu ile haikukisema, ambacho nilikielewa nikiwa nimesimama pale: usiku ule mstari wa kuganda ulishushwa na dhoruba yenyewe. Mvua nzito inapoanguka huburuta hewa baridi kutoka juu, na theluji inapoyeyuka njiani hula joto la hewa inayoizunguka, hivyo kila pande linaloyeyuka linalifungulia njia pande linalofuata kushuka chini zaidi. Ndiyo maana tuliikuta mita 4,300. Na ndiyo maana haikai: dhoruba ikiondoka, hakuna tena cha kuuzuia mstari kupanda mahali pake, jua linatoka, na kufikia saa tatu au nne kazi imekwisha.

Kwa hiyo majirani wa Katindo wote wana haki kidogo. Weupe unaoonekana kutoka Goma si kitu kimoja. Juu kabisa ni theluji na sakitu, katikati ni zile chembe, shingoni ni mvua ya mawe. Ukiwa kilomita thelathini mbali, vyote ni rangi moja. Baba wa makaa tu ndiye sijampatia mahali, ingawa na ukungu ulikuwepo wa kutosha.

Mawingu yalifunguka kwa dakika chache. Tuliona Mikeno na meno yake, moshi wa Nyiragongo, kipande cha ziwa, na mng'ao ambao kiongozi alisema ni mabati ya Goma. Mawingu yakafunga tena, na simu yangu ikashika mtandao wa kwetu. Nikawapigia nyumbani, nikamwambia mama atoke nje atazame mlima. Akatoka. "Siuoni. Huku ni mawingu tu na mvua." Saa hiyo hiyo ambayo mimi nilikuwa nimesimama kwenye theluji hadi kwenye vifundo, Goma nzima haikuwa na mlima.

Ngurumo ya kwanza ilisikika upande wa Kongo saa mbili na dakika kumi. Mapema mno hata kwa kanuni ya kiongozi. Alitutazama sisi, akautazama mnara, akasema neno moja: "Tushuke." Hakuna picha ya pamoja. Tulishuka zile kokoto nusu kwa kukimbia nusu kwa kukalia makalio, theluji ikigeuka mvua juu yetu, kila mita mia moja maji zaidi na nyeupe kidogo. Njia tuliyoipanda alfajiri ilikuwa sasa kijito.

Kambini tulimkuta kijana wa wapagazi anahangaika na kishikizo cha begi. Vidole vyake vilikuwa havikunjiki. Hakulalamika, alikuwa tu anajaribu tena na tena, na kishikizo kinamtoka. Kiongozi alimweka mikono kwapani mwake mwenyewe, chini ya koti, wakasimama hivyo kama dakika tano bila kuongea, namna ambayo ilionyesha kwamba hilo si jambo geni. Mdogo wangu akavua glavu zake akampa. Mzee akapewa zangu. Wengine wanne hatukuwa na cha kuwapa.

Tulifika kwenye ukuta wa nyati saa tisa alasiri. Chini, mashambani, jua linawaka, watu wanapalilia viazi, na watoto wamevua mashati. Nilikuwa nimekusudia kuandika kirefu kuhusu kushuka, lakini magoti yangu hayataki kukumbushwa.

Jumanne hadi Alhamisi, Goma

Bariere, bila maswali. Kikaratasi cha tiketi kimeng'oka kwenye zipu mahali fulani kwenye mianzi.

Mama alipika sombe na sambaza. Mdogo wangu akatoa simu, akamwonyesha picha moja baada ya nyingine. Mama alizikuza kwa vidole viwili, kwa subira, kama anayekagua mchele. "Na hii hapa?" Hizo ni chembe, mama. "Na hii?" Hiyo ndiyo theluji. "Na nyinyi ndio hawa wenye majaketi. Hawa wenye nailoni ni nani?" Tukamwambia. Hakuuliza tena kuhusu theluji. Aliuliza glavu za Birere ni bei gani.

Jumatano mdogo wangu alirudi kwa yule mama muuzaji akachukua jozi alizozikuta, zingine za sufu, zingine za watoto wakubwa, moja haina mwenzake. Alhamisi ameondoka kwenda Kigali kukamata ndege, na ameniandikia kutoka Musanze kwamba alimpa motari wa kwenda Kinigi mfuko ule na namba ya kiongozi. Motari alifungua mfuko, akachagua jozi nene nyeusi, akaivaa, akashika usukani kuijaribu. "Hii ndiyo nauli yangu," akasema, akaondoka na mvua.